Jua la Mama, Moyo wa Mtoto: Vitamini D Wakati wa Ujauzito na Afya ya Moyo Ukubwani



Wapendwa familia ya Mungu, Dominika moja baada ya Misa Takatifu mama mmoja wa makamo alitusubiri nje ya sakristia akiwa na simu mkononi. Kijana wake wa kwanza, ambaye hajatimiza miaka 30, alikuwa amegundulika wiki chache kabla kuwa na shinikizo la juu la damu. Ndipo akatumiwa ujumbe, katika moja ya makundi ya simu, uliosema kwamba mama mjamzito akikosa vitamini D, mtoto wake hupata ugonjwa wa moyo ukubwani. Aliupokea ujumbe ule kama hukumu. Alikumbuka kwamba wakati wa mimba ile alikuwa akishona nguo za watu katika chumba kisicho na dirisha, tangu asubuhi hadi jioni. “Baba,” alituuliza, “je, na hili ni la kuungama?”

Swali hilo lilituchoma moyo. Upande unaomhusu mchungaji wa roho tuliujibu papo hapo: dhambi huhitaji ujuzi na ridhaa, na mwanamke anayeshona mchana kutwa ili mtoto atakayezaliwa apate nguo na uji hana la kuungama hapo. Lakini swali lake lilikuwa na upande wa pili: je, ni kweli kwamba ukosefu wa vitamini D kwa mama humwachia mtoto moyo dhaifu? Upande huo ulitaka jibu la kusoma na la kuwauliza wenye taaluma. Sisi si matabibu. Tunachowaletea hapa ni yale tuliyojifunza, tukiamini kwamba ukweli uliopangwa vizuri huponya hofu ambayo ukweli nusunusu huizaa.

Vitamini inayotengenezwa na ngozi

Vitamini nyingi tunazipata mezani. Vitamini D ni tofauti, kwa maana sehemu yake kubwa hutengenezwa na ngozi yetu wenyewe inapopigwa na jua, kwa nguvu ya miale isiyoonekana iitwayo miale ya urujuanimno. Ikiisha kutengenezwa, husafiri katika damu hadi kwenye ini, kisha kwenye figo, na viungo hivyo viwili huigeuza kuwa homoni yenye kufanya kazi mwilini. Chakula nacho huchangia, hasa samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini, ingawa kwa watu wengi mchango huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa jua.

Kazi yake ya kwanza kujulikana ilikuwa katika mifupa. Mwaka 1890 Theobald Palm, tabibu aliyewahi kutumika kama mmisionari nchini Japani, alikusanya taarifa za wenzake kutoka nchi mbalimbali. Akaona kwamba ugonjwa wa matege ulikuwa umeenea mno katika miji ya Uingereza iliyofunikwa na moshi wa viwanda, na ulikuwa nadra katika nchi zenye jua tele, hata pale ambapo watu walikuwa maskini zaidi. Zaidi ya miaka 30 ilipita kabla ya Elmer McCollum na wenzake nchini Marekani kuitenga vitamini hiyo na nyingine iliyomo katika mafuta ya ini la samaki, na kuipa herufi D, mwaka 1922.

Mtoto aliye tumboni hana jua lake. Vitamini D aliyo nayo huipokea kwa mama kupitia kondo la nyuma, na kipimo cha damu ya kitovuni hufuata kipimo cha mama, kikiwa chini yake kidogo. Mama akiwa na akiba, mtoto huzaliwa na akiba. Mama akipungukiwa, mtoto naye huzaliwa amepungukiwa. Katika hatua hii wataalamu hawana ubishi.

Afya ya ukubwani huanzia tumboni

Wazo kwamba magonjwa ya moyo yanaweza kuwa na mizizi katika maisha ya tumboni lilipata nguvu kutokana na madaftari ya wakunga. Kuanzia mwaka 1911, katika wilaya ya Hertfordshire nchini Uingereza, wakunga na wauguzi chini ya usimamizi wa Ethel Margaret Burnside waliandika uzito wa kila mtoto alipozaliwa, na tena alipofikisha mwaka mmoja. Hawakujua kwamba walikuwa wakiwaandalia kazi watafiti ambao walikuwa bado hawajazaliwa. Miongo mingi baadaye Profesa David Barker na wenzake wa Southampton waliyapata madaftari hayo, wakafuatilia hatima ya wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya mwaka 1911 na 1930. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1989 yaliwashangaza wengi: wale waliokuwa na uzito mdogo zaidi walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Ushuhuda mwingine ulitoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa vita, sehemu ya nchi hiyo ilikumbwa na njaa kali. Watoto ambao mama zao walikuwa katika miezi ya kwanza ya ujauzito wakati wa njaa ile walionekana, walipokuwa watu wazima, kuugua zaidi ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Inawezekanaje jambo la miezi tisa lidumu miaka 50? Tutazame figo, ambazo ni mlinzi mkuu wa shinikizo la damu. Kila figo ina vichujio vidogo sana, kwa wastani yapata milioni moja, ingawa idadi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Vichujio hivyo hujengwa tumboni. Mtoto akiisha kuzaliwa kwa wakati wake haongezi vingine; ataishi na vile alivyoanza navyo. Mwenye vichujio vichache hulazimika kuvifanyisha kazi zaidi, na mzigo huo unaweza kupandisha shinikizo la damu kadiri miaka inavyokwenda. Msingi wa nyumba hauonekani tena kuta zikisimama, lakini nyumba yote huulalia.

Vitamini D inaingiaje hapa? Njia moja imeonekana katika maabara. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba panya wasioweza kuipokea vitamini D katika chembe hai zao walizalisha kwa wingi kimeng’enya kiitwacho renini, ambacho huamsha mfumo wa kubana mishipa na kuzuia chumvi mwilini, na shinikizo lao la damu likapanda. Panya si binadamu. Hata hivyo jaribio hilo lilitoa sababu ya kuuliza swali lile lile kwa binadamu.

Yaliyoonekana Boston, Bristol na Mysore

Katika mji wa Boston nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto 775 tangu kuzaliwa hadi walipofikia umri wa miaka 18. Wengi walitoka katika familia za kipato cha chini, na wengi walikuwa Wamarekani weusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watoto waliozaliwa na upungufu wa vitamini D, kwa kipimo cha damu ya kitovuni, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 60, wa kuwa na shinikizo la damu lililopanda kati ya umri wa miaka 6 na 18. Yaelekea ujumbe uliomfikia mama yetu ulitokana na habari za namna hii.

Lakini Boston si shahidi pekee. Mjini Bristol, Uingereza, wanawake wajawazito zaidi ya 14,000 waliandikishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika utafiti mkubwa unaoendelea hadi leo. Huko uhusiano kati ya vitamini D ya mama na shinikizo la damu la mtoto ulionekana kuwa mdogo sana watoto walipokaribia miaka 10, na walipofikia miaka 15 ukawa umefifia. Mjini Mysore, India, watoto wa mama waliopungukiwa walikuwa na misuli midogo zaidi ya mkono, na walipofikia miaka tisa na nusu miili yao ilionekana kuipinga zaidi homoni ya insulini, jambo linaloweza kuelekeza kwenye kisukari; lakini katika vipimo vingine vya hatari ya moyo, shinikizo la damu likiwemo, hapakuonekana tofauti.

Mashahidi watatu hawa hawasemi neno moja. Mwenye kutuma ujumbe wa simu huchagua shahidi mmoja na kuwanyamazisha wengine wawili. Mwenye kutafuta ukweli huwasikiliza wote.

Kuandamana si kusababisha

Wahenga walisema kwamba jogoo likiwika, lisiwike, kutakucha. Jogoo na alfajiri huandamana kila siku, lakini si jogoo anayeleta mchana. Vivyo hivyo, upungufu wa vitamini D mara nyingi huandamana na mambo mengine: kazi ya kufungiwa ndani, mlo duni, uzito uliozidi, makazi ya mjini yasiyo na mahali pa kutembea, msongo wa maisha. Kila moja kati ya hayo laweza lenyewe kugusa moyo wa mtoto. Tunapoona mtoto wa mama aliyepungukiwa ana shinikizo la juu la damu, hatuwezi kusema mara moja kwamba ni vitamini iliyofanya hivyo. Huenda ilichangia. Huenda pia ilikuwa jogoo tu.

Njia ya kutofautisha ni majaribio ambamo mama wengine hupewa vitamini na wengine hupewa kidonge kisicho na dawa, bila wao kujua nani kapewa nini. Jaribio moja la namna hiyo nchini Uingereza, lililotoa matokeo yake mwaka 2016, liliwahusu wajawazito zaidi ya 1,000. Lenyewe lilihusu mifupa. Kwa ujumla mifupa ya watoto wachanga haikutofautiana. Tofauti ilionekana kwa wale waliozaliwa katika majira ya baridi, wakati jua la huko ni hafifu. Tokeo hilo ladokeza tu kwamba huenda vidonge humfaa zaidi mwenye upungufu. Kuhusu moyo, hakuna jaribio lililokwisha kuthibitisha kwamba kumpa mama mjamzito vitamini D humkinga mtoto asipate ugonjwa wa moyo ukubwani, kwa kuwa jaribio kama hilo lingehitaji kusubiri miaka 40 au 50.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 na marekebisho yake ya mwaka 2020, halishauri kila mjamzito apewe vidonge vya vitamini D. Linasema kwamba anayeshukiwa kuwa na upungufu anaweza kupewa mikrogramu 5 kwa siku, yaani yuniti 200. Aidha, vitamini hii huhifadhiwa katika mafuta ya mwili. Ikizidi mno hupandisha madini ya kalisi katika damu na kudhuru figo. Kununua vidonge vikali dukani kwa hofu si busara.

Jua tulilo nalo

Je, sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuwa na wasiwasi? Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa nchini Tanzania miongoni mwa Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi za mababu zao, wakishinda nje. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huhesabu kwamba upungufu huanzia chini ya 50. Kumbe ngozi nyeusi chini ya jua la tropiki, kwa mtu anayeishi nje, hujitosheleza kabisa.

Lakini tukumbuke Mysore. Huo nao ni mji wa jua, na bado karibu theluthi mbili ya wajawazito waliopimwa katika utafiti ule walikuwa chini ya kiwango hicho cha 50. Jua lililo angani si sawa na jua lililofika kwenye ngozi. Kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika. Ngozi nyeusi, ambayo ni kinga njema tuliyopewa na Muumba dhidi ya jua kali, huhitaji muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kile kile. Binti anayeshinda kiwandani, dukani au ofisini, anayetoka kabla ya jua kupanda na kurudi limekwisha kuzama, anaweza kuishi karibu na ikweta na bado akapungukiwa. Jirani zetu Waislamu wanaojisitiri mwili mzima nao wanaweza kujipatia jua uani, penye faragha. Na wale binti zetu walioolewa au kufanya kazi Ulaya na Amerika ya Kaskazini wajue kwamba huko hali ni tofauti. Mjini Boston, kuanzia Novemba hadi Februari, jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini hii katika ngozi. Na nchini Uingereza wajawazito hushauriwa kumeza mikrogramu 10 kila siku. Hao wafuate ushauri wa kliniki za huko waliko.

Tufanye nini?

Kwanza, mjamzito apate nafasi ya kutoka nje kila siku, uso, mikono na miguu vikiwa wazi kwa muda, bila kujichoma. Jua hutengeneza vitamini D vizuri zaidi wakati kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Ndugu zetu wenye ualbino wasifuate ushauri huu: kwao jua ni hatari ya saratani ya ngozi, hivyo watumie chakula na ushauri wa daktari.

Pili, meza iwe na samaki, dagaa na mayai kadiri uwezo unavyoruhusu. Maini na mafuta ya ini la samaki yatumike kwa uangalifu wakati wa ujauzito, kwa sababu yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi yaweza kumdhuru mtoto.

Tatu, kliniki ihudhuriwe mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya walau mara nane. Huko hupimwa shinikizo la damu, hupewa madini ya chuma na asidi ya foliki, na penye malaria hupewa dawa ya kuikinga pamoja na chandarua. Malaria na upungufu wa damu hupunguza uzito wa mtoto. Na tumeona katika madaftari ya Hertfordshire uzito huo unabeba nini. Itakuwa ajabu mama aende kuhangaikia vidonge vya vitamini D huku akikosa chandarua.

Nne, kijana aliyekwisha kupata shinikizo la juu la damu apunguze chumvi, aache sigara, apunguze pombe, atembee, na ameze dawa zake bila kuziacha. Tunasema hili kwa uzito: asiache dawa kwa sababu ameombewa. Sala na dawa hazigombani. Zote hutoka kwa Mungu yule yule.

Manoa, na swali la wanafunzi

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, kinatusimulia habari za mke wa Manoa. Malaika alimtokea akamwambia kwamba atazaa mwana, na kwamba tangu sasa ajihadhari na divai, kileo na vyakula najisi. Mtoto hajazaliwa, na tayari mlo wa mama ni sehemu ya wito wake. Lakini tusiishie hapo kama wengi wanavyofanya. Manoa, yule mume, alimwomba Mungu amtume tena mjumbe wake ili awafundishe wote wawili la kufanya kwa ajili ya mtoto. Hakusema, “Hayo ni mambo ya wanawake.” Mume anayebeba ndoo ya maji, anayemwachia mkewe nusu saa ya kupumzika uani, anayemsindikiza kliniki na kumwekea kipande cha samaki sahanini, ameelewa sala ya Manoa. Mwajiri anayempa mjamzito muda wa kutoka nje naye ameielewa. Na akina mama wa WAWATA na wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaomtembelea mjamzito na kumsaidia kazi, wanafuata nyayo za Bikira Maria, aliyekwenda kwa haraka nyumbani kwa Elisabeti akakaa naye yapata miezi mitatu.

Tena Injili ya Yohane, sura ya 9, inatuonyesha wanafunzi wakimwuliza Bwana kuhusu kipofu tangu kuzaliwa: nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana aliukataa msingi wa swali lao, akamgeukia yule mtu akamponya. Sayansi ya afya ya mama na mtoto ni zawadi kubwa, lakini mikononi mwetu hugeuka haraka kuwa swali la wanafunzi: nani alaumiwe? Na karibu kila mara jibu huwa ni mama. Barker na wenzake hawakuwa wakimtafuta wa kumshtaki. Waliona kwamba jamii inayotaka mioyo yenye afya haina budi kuwatunza wasichana na wajawazito.

Hayo ndiyo tuliyomweleza mama yule. Tulimshauri pia arudi na kijana wake kwa wahudumu wa afya, naye akaenda. Muuguzi alipokwisha kumpima kijana, akamwomba mama naye akae kitini apimwe. Shinikizo lake lilikuwa juu kuliko la mwanawe. Kwa miaka mingi alikuwa amepika, ameshona na amehangaikia mioyo ya wengine, na hakuna aliyekuwa ameuliza habari za moyo wake. Sasa mama na mwana wanameza dawa pamoja, na sufuria ya nyumbani imepunguziwa chumvi.

Wapendwa, katika wiki hii kila mmoja wetu amtafute mjamzito mmoja katika jumuiya yake, amwulize amekula nini, amelala vipi, na ni lini mara ya mwisho alipokaa nje akapumzika. Kisha amsaidie kazi.

Mungu awabariki mama wote, na watoto walio tumboni mwao.